Kuweka Sawa Kipande cha Paja Katika Goti Bandia: Mwongozo Kamili wa Hatua kwa Hatua

Upasuaji umekwisha, mguu umenyooka, eksirei ya mbele inapendeza. Miezi michache baadaye mgonjwa anarudi: goti linauma kwa mbele, pia ya goti (kifupa cha mbele ya goti) inavutwa nje, kushuka ngazi ni shida, na akikaa kitini anahisi goti limelegea upande mmoja. Mara nyingi kinachomtesa ni kipande cha paja, yaani sehemu ya goti bandia inayovikwa ncha ya chini ya mfupa wa paja, kilichozungushwa ndani kwa nyuzi chache tu. Eksirei ya mbele haiwezi kukuonyesha kosa hilo, ndiyo maana linarudiwa.

Mwongozo huu ni wa madaktari walioko kwenye mafunzo ya upasuaji wa mifupa, wanaofanya kazi chini ya usimamizi wa bingwa. Hauchukui nafasi ya bingwa huyo, wala ya kijitabu cha kipandikizi unachotumia. Unafuata mlingano wa kimekanika, yaani mkato wa paja unaokaa pembe mraba na mstari utokao katikati ya kichwa cha paja hadi katikati ya goti. Wapo wanaofuata mlingano wa kinematiki, unaorudisha umbo la asili la goti la mgonjwa, na wana hoja zao. Ila usianze na falsafa moja ukamalizia na nyingine ndani ya goti lilelile.

## Vitu vya kuwa navyo

Kabla ya kuingia chumba cha upasuaji:

- Eksirei ndefu ya mguu mzima, mgonjwa akiwa amesimama, inayoonyesha nyonga, goti na kifundo cha mguu
- Eksirei ya goti kwa ubavu, na nyingine ya pia ya goti
- Picha ya CT, ikiwa paja liliwahi kuvunjika, limepinda au kondili (vichwa viwili vya mviringo vya ncha ya chini ya paja) zina maumbile yasiyo ya kawaida

Mezani:

- Rodi ya ndani ya mfupa, ikiwezekana yenye mifereji, na keekee yake
- Jigi (kifaa cha kuongoza msumeno au kipimo) ya kukata ncha ya paja, jigi ya kupima ukubwa na mzunguko, na jigi ya mikato minne
- Pini za kutosha, ikiwemo angalau moja ya kupigwa mshazari
- Msumeno wenye bapa la unene unaolingana na mwanya wa jigi. Bapa jembamba hucheza, na mkato huyumba nalo
- Bamba bapa la kupitisha kwenye mwanya kabla ya kukata
- Kalipa (kipimio cha unene), vipande vya kupimia mapengo, yaani nafasi kati ya paja na muundi, na kitanuzi
- Kalamu ya wino au kiunguzi cha umeme cha kuchorea mistari

Kalipa ndiyo kifaa kinachosahaulika kuliko vyote. Asiyepima vipande vya mfupa alivyovikata hajui alichokata.

## Hatua ya 1: Soma pembe yako kwenye picha

Chora mstari kutoka katikati ya kichwa cha paja hadi katikati ya goti. Huo ni mhimili wa kimekanika. Chora wa pili ukifuata katikati ya mfereji wa uboho. Pembe iliyo kati yao ndiyo utakayoiweka kwenye jigi, na kwa watu wengi huwa nyuzi 5 hadi 7.

Sababu ya kupima badala ya kuweka 6 kwa kila mtu ni kwamba nyonga hubadilisha hesabu. Shingo ya paja iliyoinama huongeza pembe, iliyosimama wima huipunguza. Nyonga bandia iliyosogeza paja nje nayo huibadilisha.

Tahadhari: Kagua picha yenyewe kwanza. Pia ya goti inapaswa kutazama mbele. Mguu uliogeuka nje huku goti likiwa halinyooki vizuri hutoa pembe ya uongo, na utaingia nayo kazini ukidhani ni ya kweli.

Vilevile fuatilia mfereji wa uboho hadi juu. Kama kuna bamba la chuma, shina refu la nyonga bandia, au mfupa uliopona ukiwa umepinda, rodi haitapita au itapita vibaya. Panga mapema kutumia kompyuta ya kuongozea au jigi zilizotengenezwa kwa picha za mgonjwa huyo.

## Hatua ya 2: Safisha ili uone

Ondoa vinundu vya mfupa pembeni mwa kondili na ndani ya bonde la katikati. Vinundu hivyo hukaza ligamenti za pembeni kwa uongo na kuficha alama utakazozihitaji baadaye.

Wakati huu huu, kabla ya kukata chochote, chora mstari wa Whiteside: kutoka sehemu ya chini kabisa ya mfereji wa pia hadi katikati ya bonde lililo kati ya kondili. Ukishakata ncha ya paja, sehemu kubwa ya alama hiyo inakwenda na kipande cha mfupa. Uchore mrefu, upande hadi juu ya mfereji, ili ubaki ukionekana.

## Hatua ya 3: Toboa mlango wa rodi

Mlango uko juu ya bonde la katikati, karibu sentimita 1 mbele ya mshiko wa ligamenti ya msalaba ya nyuma, milimita chache upande wa ndani wa mstari wa katikati. Hapo ni kwa watu wengi. Eksirei yako ndiyo inayoamua, kwa hiyo refusha mstari wa mfereji wa uboho hadi kwenye goti uone unatokea wapi.

Jigi hutii rodi, na rodi hutii tundu. Ukikosea tundu, hivi ndivyo utakavyolipia:

- Tundu likienda ndani mno, mkato unaelekea varasi, yaani matege.
- Likienda nje mno, unaelekea valgasi, yaani magoti kugongana.
- Likienda mbele mno, kipande kinalala nyuma na ulimi wake wa mbele unachimba gamba la paja, yaani tabaka gumu la nje la mfupa.
- Likienda nyuma mno, kipande kinainama kuelekea kukunja.

Panua mdomo wa tundu kidogo ili rodi iongozwe na mfereji wa juu, si na kingo za tundu. Nyonya uboho, kisha ingiza rodi polepole. Rodi inayosukumwa kwa nguvu hupandisha shinikizo, na mafuta ya uboho huingia kwenye damu. Hilo linaweza kumuua mgonjwa, kwa hiyo mjulishe daktari wa usingizi kabla ya kuingiza.

Ukifanikiwa: rodi inateremka kwa mkono bila nyundo, na ikifika mwisho haichezi pembeni. Rodi inayogota katikati ya njia inakwambia tundu limekaa vibaya. Rudi ulitazame tundu kabla hujafikiria nyundo.

## Hatua ya 4: Kata ncha ya paja

Weka pembe uliyopima. Hakikisha jigi imesomwa upande sahihi, kulia au kushoto. Inaonekana ni jambo la kitoto, lakini jigi iliyogeuzwa huhamisha nyuzi 6 za valgasi kuwa nyuzi 6 za varasi, na kosa hilo ni la nyuzi 12.

Katika goti lenye valgasi wengi hushusha pembe hadi 5 au chini kidogo, ili wasibakize ulemavu walioingia kuusahihisha.

Kina cha mkato ni unene wa kipandikizi mahali hapo, kwa kawaida milimita 8 hadi 10, ukipimwa kutoka kondili iliyojitokeza zaidi. Kondili ya nje ikiwa imedumaa, huenda msumeno ukaigusa kidogo tu au usiiguse kabisa. Usiifuate kwa kuongeza kina. Ukikata zaidi, unapandisha mstari wa goti, pia inakaa chini kuliko inavyopaswa, na goti linalegea katikati ya mkunjo hata kama limekaza likinyooka na likikunjwa nyuzi 90.

Goti lisilonyooka kabisa lina kishawishi cha kuongeza milimita 2. Ondoa kwanza vinundu vya nyuma na ulegeze kapsuli ya nyuma, ndipo ufikirie mfupa.

Msumeno ukikutana na mfupa mgumu uliosuguana kwa miaka, bapa hupanda juu ya sehemu hiyo na kuacha kilima. Kata taratibu, mwagia maji, usisukume. Kisha weka bamba bapa juu ya mkato: likicheza kwenye kona yoyote, kata tena.

Ukifanikiwa: bamba linatulia, na kalipa inakubaliana na mpango. Kumbuka kujumlisha unene wa bapa la msumeno, zaidi kidogo ya milimita 1, na gegedu iliyokwisha kuliwa. Kwa upana wa mkato wa milimita 70, tofauti ya nyuzi 1 ni milimita 1.2 tu kati ya ukingo mmoja na mwingine. Jicho haliwezi kuliona hilo.

## Hatua ya 5: Mzunguko, na hapa usiharakishe

Wengi wanaoshindwa hushindwa hapa. Wanaegesha jigi nyuma ya kondili, wanasoma nyuzi 3 za nje, wanapiga pini. Katika goti la kawaida mara nyingi watapatia. Lakini mwenye goti la kawaida haji kubadilishiwa goti.

Kuna mistari mitatu, na kila mmoja una namna yake ya kudanganya.

Mstari wa nyuma ya kondili. Kwa kawaida umezunguka ndani takribani nyuzi 3 ukilinganisha na mhimili wa epikondili (mstari unaounganisha matuta ya mfupa yaliyo pembeni mwa kondili), ndiyo maana jigi huongeza nyuzi 3 nje. Hesabu hiyo inadai kondili zote mbili ziwe nzima. Katika valgasi, kondili ya nje imedumaa nyuma, mstari tayari umezunguka ndani zaidi, na nyuzi 3 hazitoshi. Huenda ukahitaji 5 au zaidi. Katika varasi iliyokula kondili ya ndani kwa nyuma ni kinyume chake: ukiongeza nyuzi 3 utapitiliza nje.

Mstari wa Whiteside. Jigi inapaswa kukaa pembe mraba nao. Ni rahisi kuuona, na ndio msaada mkubwa katika goti la valgasi. Haufai pale mfereji wa pia ulipozaliwa ukiwa bapa au umechimbwa na pia iliyokuwa ikikimbia nje kwa miaka.

Mhimili wa epikondili. Huu ndio ulio karibu zaidi na mhimili ambao goti hukunjia, na ndio ninaouamini pale mingine inapogombana. Shida yake ni kuupata. Epikondili ya nje ni ncha. Kidole kinaigusa mara moja. Ya ndani ndiyo inayopoteza watu, kwa sababu unachokitafuta si ncha, ni kibonde. Ondoa utando juu yake, papasa utaukuta ukingo wa mfupa uliojikunja kama nusu duara, ndipo ligamenti ya ndani ya juujuu inaposhika. Katikati ya ukingo huo kidole kinazama kidogo. Weka alama hapo, si kwenye ukingo. Ukiweka kwenye ukingo, mhimili wako unahama kwa nyuzi kadhaa huku wewe ukijiamini.

Sasa fanya hivi:

1. Egesha jigi, uhakikishe nyayo zake zote mbili zimegusa kondili kwa nyuma. Kinundu au mabaki ya gegedu chini ya unyayo mmoja yanaharibu kipimo chote.
2. Weka nyuzi 3, piga pini bila kukaza.
3. Kunja goti nyuzi 90, simama mwisho wa meza utazame moja kwa moja. Mstari wa pini unapaswa kwenda sambamba na mhimili wa epikondili na kukata mstari wa Whiteside kwa pembe mraba.
4. Kama ulishakata muundi, tanua pengo na uangalie: mstari wa pini unapaswa pia kuwa sambamba na mkato wa muundi.

Vyote vikikubaliana, endelea. Vikitofautiana, usichukue wastani. Uliza ni alama ipi imeharibiwa na ugonjwa wa goti hili, uitupe hiyo.

Kwa wanaotumia mbinu ya mapengo pekee, yaani kupanga mzunguko kwa kutanua pengo tu: mzunguko wenu hauwezi kuwa bora kuliko mkato wa muundi na ligamenti mlizoziacha. Muundi uliokatwa kwa varasi huzungusha kipande cha paja ndani. Ligamenti ya upande wa ndani iliyolegezwa kupita kiasi hufanya vivyo hivyo. Ndiyo maana hata anayefuata mbinu hiyo anapaswa kuchora mistari ya mfupa kama shahidi.

Ukijiuliza nyuzi 3 ni kitu gani mkononi: kwa kondili zilizoachana milimita 48, ni milimita 2.5 za tofauti ya mfupa kwa nyuma. Kondili ya ndani inakatwa zaidi, ya nje pungufu.

## Hatua ya 6: Ukubwa, na gamba la mbele

Kidole cha kupimia kikae kwenye gamba la mbele la paja pale ulimi wa kipandikizi utakapoishia, kikielekea upande wa nje ambako mfupa uko juu zaidi. Kikikaa juu ya tishu laini, unasoma ukubwa uliozidi.

Ukiangukia kati ya saizi mbili, jibu linategemea jigi yako. Inayopima kutoka mbele hulinda gamba, lakini saizi ndogo itakula mfupa wa nyuma na kulegeza goti likikunjwa. Inayopima kutoka nyuma hulinda pengo la kukunja, lakini saizi ndogo inaweza kuchimba gamba la mbele, na kubwa inajaza mbele hadi pia ikabanwa.

Pitisha bamba bapa kwenye mwanya wa mbele kabla ya kuwasha msumeno. Likielekea ndani ya gamba, simama. Chimbo la zaidi ya milimita 3 hudhoofisha paja palepale juu ya kipandikizi, na mgonjwa akianguka ndipo linapovunjika.

## Hatua ya 7: Mikato minne

Kaza jigi kwa pini za mshazari. Weka vizuizi vya kulinda ligamenti za pembeni, na ukumbuke mishipa iliyo nyuma ya goti. Fuata mpangilio wa mtengenezaji.

Ukimaliza mkato wa mbele tu, tazama umbo lake. Mzunguko ukiwa sahihi, uso wa mkato una kilima kirefu upande wa nje na kifupi upande wa ndani, umbo la piano kubwa. Vilima viwili vinavyolingana kama mabawa ya kipepeo ni onyo la mzunguko wa ndani. Hapo bado una nafasi ya kusahihisha, kwa sababu hujakata nyuma.

Kisha pima vipande viwili vya nyuma kwa kalipa. Kwa kondili zisizolika, cha ndani kinazidi cha nje kwa milimita 2 hadi 3.

## Hatua ya 8: Mapengo na majaribio

Ingiza kipande cha kupimia goti likiwa limenyooka, kisha likikunjwa nyuzi 90. Mapengo yote mawili yanapaswa kuwa mstatili. Likinyooka mstatili, likikunjwa likabana ndani na kulegea nje, usikimbilie kulegeza ligamenti: huo ni mzunguko wa ndani wa kipande cha paja. Ukilegeza ligamenti kuficha kosa hilo, utaharibu pengo la kunyoosha lililokuwa zuri.

Weka vipandikizi vya majaribio. Kipande cha paja kisogee nje kadiri mfupa unavyoruhusu, ili pia ipate njia yake, lakini kisichomoze nje ya ukingo. Chuma kinachozidi mfupa kwa milimita 3 au zaidi husugua tishu, na maumivu yake yanaweza kudumu.

Kunja na kunyoosha goti bila kushika pia kwa kidole gumba. Inapaswa kubaki kwenye mfereji. Ikiruka nje, fungua kwanza mkanda wa kuzuia damu pajani ujaribu tena, kwa sababu mkanda hushika misuli na kuivuta pia. Bado ikiruka? Rudi hatua ya 5 kabla hujakata tishu za upande wa nje.

## Hatua ya 9: Kubandika

Osha mfupa kwa maji ya shinikizo, ukaushe, paka saruji. Kipigio ni kizito na mpini wake huvuta kipande kiiname kuelekea kukunja wakati wa kupiga. Inua mpini huku ukigonga. Kazi yote ya saa moja inaweza kuharibika kwa nyundo tatu.

Toa saruji iliyotokeza nyuma kabla haijaganda. Acha goti limenyooka bila kulilazimisha kupita hapo.

## Hatua ya 10: Jikague kwenye picha

Eksirei ya ubavu ikuonyeshe ulimi wa mbele umelala juu ya gamba, bila chimbo wala mwanya. Eksirei ndefu ya kusimama, mgonjwa akishaweza kuweka uzito sawasawa, iwe ndani ya nyuzi 3 kutoka kwenye mhimili.

Mgonjwa mwenye maumivu ya mbele yasiyoisha, au pia inayoelemea nje, apigwe CT ya mzunguko. Linganisha mhimili wa epikondili na mstari wa nyuma ya kipandikizi. Unatarajia viwe sambamba au karibu sana na hapo. Kagua na mzunguko wa kipande cha muundi katika picha hizohizo, kwa kuwa makosa madogo mawili ya kuelekea ndani hujumlishana kwenye pia. Iandike pembe hiyo kwenye jalada la mgonjwa pamoja na namba za kalipa za siku ya upasuaji, ili atakayelifungua goti hilo tena ajue pa kuanzia.